Siku yangu moja nikisaka mvumo kwenye priamplifaya ya valvu

Saa 2 asubuhi

Nimeshafungua karakana hapa Kariakoo na kijana wangu wa kazi anafagia. Bajaji inasimama mlangoni, anashuka mzee mmoja amepakata kitu kilichofungwa kwa kanga.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba fundi. Nimekuletea mgonjwa."

Ndani ya kanga mna priamplifaya ya valvu, ile inayokaa kati ya mashine ya santuri na amplifaya kubwa. Ina valvu tatu, zile chupa za kioo zinazokuza sauti: ECC83 mbili za hatua ya kwanza, moja kila upande, na ECC82 moja ya kutolea sauti. Mzee ana santuri za dansi na taarabu alizozinunua tangu ujana wake, na tangu mwaka jana hazisikilizi kwa raha. Mafundi wawili wameshaishika. Mmoja alibadilisha kapasita zote kubwa za pawasaplai (sehemu inayoilisha mashine umeme), mwingine akamwambia anunue valvu mpya zote. Hela imekwenda, kelele imebaki.

Simfungulii mtu mashine kabla sijamhoji. Kelele inaanza ukiwasha tu au baadaye? Iko pande zote mbili? Ukipunguza sauti inapungua? Mzee anajibu vizuri kuliko wateja wengi: mvumo upo muda wote na pande zote, halafu baada ya dakika ishirini hivi upande wa kulia unaanza kuchachatika. Hapo nimeshajua kwamba nina kelele mbili, na mbili hizo huenda zina asili mbili tofauti. Ninaamini hapo ndipo wenzangu walipokwama: waliitibu kelele kama kitu kimoja.

Saa 3

Naiunganisha kwenye amplifaya ya karakana bila kugusa skrubu hata moja. Nageuza kitufe cha sauti hadi sifuri: kimya. Kwa hiyo kelele inazaliwa kabla ya kitufe, si baada yake. Nusu ya mashine nimeshaiondoa kwenye mashaka.

Sasa nachomeka kwenye matundu ya kuingizia sauti plagi mbili za RCA; kwenye kila moja nimeunganisha pini ya kati na ganda lake kwa kipande cha waya. Plagi hizo zinaziba mlango, yaani chochote kinachotoka nje hakiingii tena. Mvumo unapungua kidogo tu. Basi ulio mwingi uko ndani.

Ukutani kuna gitaa langu. Kamba nene ya juu, ukiibana kwenye kituo cha tatu, inatoa noti ya G ya hezi 98. Umeme wetu ni wa hezi 50, na ukipita kwenye daraja la dayodi ya pawasaplai mapigo yanakuwa 100 kwa sekunde. Mvumo wa pawasaplai mbovu ukiusikiliza pamoja na kamba hiyo, sauti mbili zinapishana padogo sana, unasikia wimbi linapanda na kushuka mara mbili kila sekunde. Leo nimepiga kamba na mvumo umekaa chini yake oktava nzima, mnene na laini, hauna makali ya nyuki. Hiyo ni hezi 50 yenyewe. Kapasita zilizobadilishwa hazikuwa na kosa lolote.

Hezi 50 tupu, ndani ya mashine, kabla ya kitufe cha sauti: kwangu mimi jina la mshukiwa wa kwanza ni waya wa hita, yaani waya unaopeleka umeme wa kupasha valvu moto.

Saa 4

Natoa plagi ya umeme ukutani na bado siingizi mkono. Kapasita za pawasaplai ya valvu hubaki na chaji ya kuua mtu hata mashine ikiwa imezimwa. Hii ina volti 270. Nina rezista ya kilo-omu 10 ya wati 5 yenye klipu mbili. Naibana kati ya kapasita na chesisi, nasubiri, kisha napima kwa mita hadi isome karibu na sifuri. Kijana anajua sheria ya hapa: asiyepima hagusi, na ukipima mashine ikiwa na moto mkono mmoja unakaa mfukoni.

Hita za ECC83 kwenye mashine hii zinapata volti 6.3 za AC, umeme uleule wa hezi 50, kutoka kwenye transfoma. Transfoma haina waya wa katikati, kwa hiyo mtengenezaji aliweka rezista mbili za omu 100, kila moja kutoka upande mmoja wa hita kwenda ethi. Kazi yake ni kuzifanya pande mbili za hita zipande na kushuka kwa usawa kuizunguka ethi, ili mvumo wa upande huu uuawe na wa upande ule. Nainua mguu mmoja wa kila rezista, napima ya kwanza: omu 101. Ya pili: mita haisomi kitu. Naigeuza kwa koleo, tumbo lake limeungua hadi limepasuka. Kwa nje, upande unaotazama mtu, lilikuwa zima.

Hiyo tu. Upande mmoja umefungwa ethi, mwingine unapeperuka na volti zote 6.3, sentimita chache kutoka kwenye gridi ya valvu ya kwanza, mlango wake wa kupokea sauti. Na hatua ya santuri haina huruma na hezi 50. Santuri hukatwa besi ikiwa imepunguzwa, kwa hiyo priamplifaya hulazimika kuirudisha kwa kipimo cha RIAA, kanuni inayofuatwa na watengenezaji wa santuri: palipo na hezi 50 sauti inakuzwa takriban mara saba zaidi ya hezi 1,000. Mashine inayokuza mara 100 katikati inakuza mara 700 hapo chini. Maikrovolti 10 za mvumo zikipenya kwenye gridi, zinatoka millivolti 7. Sindano yenyewe inaleta millivolti 5 hivi tu hapo mlangoni, kabla ya kukuzwa.

Nalehemu rezista mbili mpya za omu 100, nilizozichagua kwa mita ziwe sawasawa. Nazisokota nyaya za hita upya, kwa kubana, na kuzilaza kwenye kona ya chesisi mbali na gridi. Nawasha. Mvumo umezama, nalazimika kuweka sikio kwenye spika.

Saa 6

Umeme unakatika. Tunasali, tunakula wali maharage, na kijana anasafisha pini za valvu na soketi kwa spiriti. Joto na unyevu wa pwani huzitia pini weusi, na pini chafu huchachatika kama rezista mbovu. Afadhali tuiondoe shaka hiyo sasa.

Saa 8

Umeme umerudi. Tunaiacha mashine ipate moto, na kweli, upande wa kulia unaanza: chaa, cha-chaa, mafuta yakiwa motoni kwenye karai.

"Fundi, si tubadilishe tu valvu?" kijana ananiuliza.

"Valvu inabadilishwa ikishathibitika. Zipishanishe."

Tunazima, tunaiacha ipoe, ECC83 ya kulia inakwenda kushoto na ya kushoto kulia. Ikipata moto tena, mchachato bado uko kulia. Valvu haina hatia. Mzee angetumia hela nyingi kuagiza za Slovakia au Urusi, na kelele ingemsubiri palepale.

Nachukua kijiti cha mshikaki, kikavu, nagonga vifaa kimoja kimoja huku mashine ikiwaka. Hakuna kinachoshtuka, basi si kiungo cha lehemu kilicholegea. Naweka mita kwenye anodi, pini ya valvu inakotokea sauti iliyokuzwa. Kwa kazi hii napenda mita ya mshale, kwa sababu namba za mita ya kidijitali zinaruka ovyo ilhali mshale unaonyesha tabia. Kushoto: volti 168, mshale umetulia. Kulia: 149, na mshale unatetemeka kila mchachato unapopiga. Sasa sauti naiona kwa macho.

Volti ikishuka kwenye anodi na kapasita ya kupitishia sauti haivujishi (nimeipima, upande wa pili hakuna volti), inabaki rezista ya anodi. Imeandikwa kilo-omu 100. Nazima, namwaga chaji, nainua mguu wake mmoja, napima: 138. Ni rezista ya kaboni ya zamani, yenye mwili wa kahawia. Kaboni ya aina hii hunyonya unyevu miaka na miaka na thamani yake hupanda. Mkondo wa umeme ukipita ndani ya chembe zisizoshikana vizuri, unapita kwa kurukaruka, na kurukaruka huko ndiko mchachato. Ikiwa kwenye anodi ya hatua ya kwanza, kila mruko unakuzwa na hatua zote zinazofuata.

Nabadilisha pande zote mbili, si ya kulia peke yake, ili ziendelee kufanana. Naweka za metal film za wati 2. Joto lake halihitaji wati hizo, ila rezista kubwa inastahimili volti vizuri zaidi.

Saa 10

Umebaki mfoko mwembamba, ule wa shhh. Huo hauishi wote, kwa kuwa sehemu yake ni elektroni zenyewe zikitembea ndani ya valvu na rezista, na fundi anayemwahidi mteja kimya kabisa anamdanganya. Nagonga kioo cha kila ECC83 kwa kalamu. Moja inalia *ting* ndani ya spika, yaani inanasa mtikisiko na kuugeuza kelele; nyingine inanyamaza. Nina ECC83 yangu iliyotumika, tulivu, naiweka mahali pa ile inayolia.

Saa 11 jioni

Mzee amerudi na santuri moja kwapani. Kabla ya kuiweka namwambia asikilize mashine ikiwa tupu, sauti imepandishwa. Anasogeza kiti karibu na spika. "Imewashwa?" anauliza, na mimi nafurahi kuliko malipo.

Kisha anapiga santuri. Besi inatoka safi, kila noti na mwanzo wake.

Ule mvumo mdogo uliopungua nilipoziba matundu sijausahau, kwa sababu huo ulikuwa unatoka nje. Namuuliza waya wa ethi wa mashine yake ya santuri ameufunga wapi. Kwenye amplifaya kubwa, anasema. Nampa karatasi: waya ule aufunge kwenye skrubu ya priamplifaya, hapo tu, na priamplifaya aitenge na transfoma ya amplifaya kwa urefu wa mkono. Jumamosi kijana atakwenda kwake na mita, ahakikishe.