Nilivyofuatilia majina ya kwenye mnara wa vita pale kanisani

Kanisa tunalosali huku Uingereza lina msalaba wa jiwe nje kwenye makaburi, umeandikwa 1914–1919 maana mkataba wa amani wa vita ya kwanza ya dunia ulisainiwa 1919. Chini kuna majina ila ni herufi za mwanzo na ukoo basi, hakuna kikosi, hakuna umri. Nikamwomba mchungaji nifuatilie, akasema we endelea tu.

Wengi wanaanza na majina, mimi nikaanza na makaratasi ya ujenzi. Huwezi kusimamisha kitu kwenye uwanja wa kanisa la Anglikana bila kibali cha dayosisi, na maombi ya zamani mengi yametunzwa ofisi ya nyaraka ya kaunti, nikaomba jalada letu wakaniletea. Aisee! Mchoro wa msalaba kwa wino, bei ya fundi mawe, halafu orodha aliyopewa achonge, humo majina yako kamili. Na barua za malalamiko zimo, Wamethodisti wanauliza kwa nini watoto wao waandikwe kwenye uwanja wa Waanglikana, wao walitaka mnara ukae njia panda kijijini. Nawaelewa kabisa, tangu 1915 jeshi lilishakataza maiti kurudishwa nyumbani, kwa hiyo kwa mzazi kaburi la mwanae ndo hilo jiwe, halafu unamwambia alifuate kwenye kanisa asilosali?

Nilipopata majina kamili kazi ikawa nyepesi. Tovuti ya tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ni bure, unaandika jina inakupa kikosi, tarehe ya kufa na alipozikwa. Mafaili ya askari usiyategemee sana, zaidi ya nusu yaliungua London 1940 kwa mabomu ya Wajerumani, mi nilibanana na kadi za medali, zile za jeshi zinazoonyesha askari alistahili medali gani, ziko kwenye hifadhi ya nyaraka ya taifa pale Kew, London.

Sasa mmoja si nikakuta amezikwa Dar! Yuko makaburi ya vita ya barabara ya Bagamoyo, wale wa vita ya kwanza walihamishiwa pale 1968 kutoka Ocean Road kupisha barabara. Nikampigia shemeji, "Shem, we unapita pale kila siku, kaniangalizie namba hii ya kaburi." Jioni picha ikaingia, herufi zinasomeka vizuri kuliko za huku zilizoota kuvu.

Wamebaki wachache wenye majina ya kawaida mno, kadi zao ziko rundo, hao nawatafuta kwenye sensa ya 1911 nyumba kwa nyumba.