Amri Iliyonyamaza

Usiku ule nilijua kazi imekwisha. Mradi wetu wa Django, mfumo wa Python wa kujengea tovuti, ulikuwa na hifadhidata mbili: moja ya watumiaji na miamala, nyingine tuliyoifungua mahsusi kwa ajili ya kache, yaani hifadhi ya muda ya kuharakisha kurasa, ili vitu vya kuandikwa na kufutwa kila dakika visisongamane na data zenye thamani.

Nikaandika ruta, ile klasi inayoamua ombi gani la data liende hifadhidata ipi. Jedwali la kache halina modeli (klasi inayoeleza jedwali) uliyoiandika mwenyewe, lakini mbele ya ruta hujitambulisha kwa jina la django_cache. Nikalidaka jina hilo: kusoma, kuandika, hata kuunda majedwali, vyote hifadhidata ya pili tu. Nikapiga amri ya createcachetable, ile inayounda jedwali la kache. Ikamaliza kimya, bila neno jekundu hata moja. Nikapandisha mabadiliko kwenye seva, nikalala.

Simu ndiyo iliyoniamsha. Kila ukurasa uliogusa kache ulikuwa chali, na ujumbe wa hitilafu ukasema jedwali halipo. Halipo vipi, na nimeliunda kwa mkono wangu? Nikachungulia hifadhidata ya pili: halimo. Ya kwanza: halimo vilevile! Nikarudia amri mara tatu (ya tatu nadhani nilikuwa naibembeleza tu), nayo ikanyamaza mara tatu.

Ikabidi nifungue msimbo wa amri yenyewe, jambo ambalo ningelifanya saa nzima kabla kama si ukaidi. Kumbe usipoitajia hifadhidata, amri hiyo huelekea ile inayoitwa default. Ikifika huko, kabla ya kuunda chochote, humuuliza ruta: naruhusiwa hapa? Ruta wangu akajibu hapana, kama nilivyomfundisha, na amri ikajiondokea bila kuaga. Nikaongeza --database pamoja na jina la hifadhidata ya pili. Jedwali likatokea papo hapo, na kurasa zikaanza kufunguka.

Kulipokucha nikakaa kuhesabu maingizo ya jedwali hilo. Yalipanda hadi 300 hivi, ghafla sehemu kubwa ikatoweka, yakaanza kupanda upya. Nikafungua tena faili la mipangilio. MAX_ENTRIES, kikomo cha maingizo ambacho usipokiweka mwenyewe huwa 300, sikuwa nimeigusa kabisa.