Kadi zilihama, tarehe zikagoma

Hatimaye tarehe zimekubali. Nimefungua orodha ya kazi ndani ya Redmine, chombo cha kufuatilia kazi tulichohamia kutoka Trello, nikaipanga kuanzia ya zamani zaidi, na iliyokaa juu kabisa ni ya Februari 2021. Si ya leo. Aliyewahi kuhamisha kazi kutoka chombo kimoja kwenda kingine anajua kwa nini napiga vigelegele kwa jambo dogo namna hii.

Mengine nayapita haraka. Ubao wa Trello ulitoka kama faili la JSON (data iliyoandikwa kama maandishi yenye mpangilio), kadi zikawa kazi, orodha zikageuzwa kuwa hali za kazi, wanachama wakalinganishwa na akaunti zao mpya, maelezo yakaingia kama yalivyo kwa sababu nilishaiwekea Redmine isome Markdown, zile alama nyepesi za kupanga maandishi. Neno moja tu la tahadhari: zima arifa za barua pepe kwenye seva mpya kabla ya kuingiza hata kazi moja. La sivyo wenzako watapata barua kwa kila kadi, na hilo hawatalisahau.

Sasa tarehe.

Ndani ya faili la JSON kila kadi ina tarehe ya shughuli ya mwisho na ina tarehe ya makataa, kama iliwekwa. Tarehe ya kuundwa sikuikuta. Ipo kwenye historia ya matendo, lakini faili hilo hubeba matendo 1000 ya karibuni tu, na ubao wenye umri kama wetu ulishapita hapo kitambo. Kadi za zamani, zile hasa ninazotaka kujua zilianza lini, ndizo zilizokatwa.

Kumbe tarehe ilikuwa mbele ya macho muda wote. Kitambulisho cha kadi ya Trello kina tarakimu 24 za heksadesimali (0 hadi 9, kisha a hadi f), kwa mtindo wa vitambulisho vya hifadhidata ya MongoDB, na nane za mwanzo ni wakati kilipoundwa. Kila kadi inatembea na cheti chake cha kuzaliwa. Chukua hii yetu inayoanza na 60215e12. Igeuze kuwa namba ya kawaida: 1612799506. Hizo ni sekunde tangu 1 Januari 1970, yaani 8 Februari 2021, 15:51:46 kwa UTC, saa ya kimataifa. Kwenye lugha ya programu ya Python ni mstari mmoja. Angalizo: kadi iliyonakiliwa kutoka nyingine hubeba wakati wa kunakiliwa, si wa ile ya asili, na hilo halina dawa.

Na hapa ndipo lahajedwali zilipofukuzwa rasmi kwenye mradi huu. Zile nane za mwanzo za kadi hiyohiyo, 60215e12, ukizifungua kupitia CSV (jedwali la maandishi matupu), lahajedwali inaiona hiyo e katikati ya tarakimu, inaamua kwamba ni namba ya kisayansi, na inakuandikia 6.0215E+16. Haikuulizi. Na haifanyi hivyo kwa kadi zote, inafanya kwa zile tu ambazo kwa bahati zina tarakimu tupu na e moja, kwa hiyo ukikagua mistari ya juu utaona kila kitu kiko shwari. Tangu hapo natumia jq, programu ndogo ya kusoma JSON, kuchambua na Python kugeuza, basi. Jq ina sarufi ya ajabu na kila mara narudi kwenye mwongozo wake, lakini ukiipa maandishi inakurudishia maandishi.

Tarehe ninazo, kilichobaki ni kuzipeleka. Nikatuma created_on, yaani tarehe ya kuundwa, kupitia API ya Redmine, mlango ambao programu nyingine huutumia kuzungumza nayo. Seva ikajibu kwamba kazi imeundwa, hakuna kosa, hakuna onyo, na tarehe ikawa ya leo. Siilaumu: chombo cha kufuatilia kazi kinachomruhusu kila mtu kurudisha tarehe nyuma hakifai kuwa ushahidi wa lolote. GitLab, ambayo nayo hufuatilia kazi, wanalitatua kwa kumruhusu msimamizi au mwenye mradi peke yake kuweka created_at, na mimi naona huo ndio utaratibu mzuri zaidi. Lakini Redmine ni programu huria na seva ni yangu, kwa hiyo nikaingia kwa mlango wa nyuma, kwenye konsoli ya Rails (mfumo ambao Redmine imejengwa juu yake), juu ya nakala ya majaribio na chelezo ikiwa pembeni.

Hapo created_on ikakubali. Updated_on, tarehe ya badiliko la mwisho, ikakataa katakata. Unaiandikia 2022, unahifadhi, unasoma tena: sasa hivi. Unajaribu tena, sasa hivi. Sababu iko ndani ya msimbo wenyewe. Kabla ya kuhifadhi kazi yoyote iliyobadilika, Redmine huandika updated_on upya kwa saa ya seva, na badiliko lenyewe la tarehe linahesabika kuwa badiliko. Kadiri unavyoisahihisha ndivyo inavyojisahihisha.

Kisha kuna kazi mama, zile zenye kazi ndogo chini yake. Kwa kawaida Redmine hukokotoa tarehe, kipaumbele na asilimia ya kazi mama kutoka kwa watoto wake. Ukifunga mtoto, asilimia ya mama inabadilika, mama anahifadhiwa, na muhuri wa leo unamwangukia. Ndiyo maana kazi nilizokuwa nimeshazimaliza zilikuwa zinarudi juu ya orodha kana kwamba kuna mtu kazigusa usiku. Nilikuwa namtafuta mtu huyo kwenye kumbukumbu za seva, kumbe ni watoto.

Dawa ni amri ya Rails iitwayo update_columns. Inaandika moja kwa moja kwenye hifadhidata, haiendeshi hatua zozote za kabla wala baada ya kuhifadhi, haigusi muhuri wa wakati. Masharti mawili: iwe hatua ya mwisho kabisa, baada ya hali, maoni na uhusiano wote kuingia; na wakati uwe wa UTC, maana ndivyo Redmine inavyohifadhi. Nimeitumia pia kwa closed_on, tarehe ya kufungwa, na kwa tarehe za maoni. Maoni yanayosoma kwa mpangilio wake, jamani, ni raha.

Mpango ulikuwa kwamba baada ya hapo nigeukie viambatisho. Sijavigusa. Tarehe zilipokaa sawa nilijikuta nahesabu umri wa kila kazi iliyo wazi, kisha nikaanza kuchora grafu, na sasa hiyo grafu ndiyo mradi. Kazi kongwe zilizo wazi karibu zote ni za aina moja: “andika maelekezo ya”, “safisha ile sehemu ya”, “fikiria kuhusu”. Hakuna hata moja yenye jina la mtu. Nafikiri nitaongeza safu ya umri kwenye orodha kuu, yenye kugeuka nyekundu baada ya mwaka, nione nani atalalamika kwanza.

Viambatisho viko kwenye folda, vimepangwa kwa kitambulisho cha kadi. Lebo nimeamua kuziacha Trello. Zilikuwa na rangi nyingi na maana chache. Ila kiungo cha kadi ya zamani nakiweka kwenye kila kazi kama sehemu maalumu, na hiyo skripti ninaiendesha usiku huu, kabla ya kuirudia update_columns.