Rau, mjomba na mashine ya presha

Mjomba ana presha ya siku nyingi, na kila daktari humwambia atembee. Jumamosi nikamtoa nyumbani kinguvu. Tukachukua bodaboda mbili Moshi mjini hadi msitu wa Rau, si mbali, jua likituchoma migongo njia nzima.

Tulipozama chini ya miti joto likakatika. Msitu wa Rau unaishi kwa maji ya chini ya ardhi, kwa hiyo udongo hauna habari na kiangazi: viatu vilididimia, na kila tulipokanyaga majani makavu juu, ya chini yakatoa harufu ya uyoga. Kiongozi wetu alitusimamisha kwenye mvule mmoja mkubwa ajabu, akaweka kidole mdomoni. Mbega walikuwa juu, mikia myeupe inaning'inia. Mjomba, mtu wa maneno mengi, alikaa juu ya mzizi karibu nusu saa bila kugusa simu.

Nikapata nafasi ya kumsimulia habari za Japani. Idara yao ya misitu ilianza kuwahimiza watu "kuoga msitu", yaani kutembea na kutulia msituni, mwaka 1982. Baadaye Daktari Qing Li akawapeleka wafanyakazi wa Tokyo msituni siku 3, akapima damu: seli za kinga zinazoua seli zenye virusi na za saratani zilichangamka, na zaidi ya wiki moja baadaye bado zilikuwa juu. Anadhani sababu mojawapo ni fitonsidi, yaani mafuta ya harufu ambayo miti hutoa kujikinga na wadudu na vijidudu. Wengine walipima watu msituni na mjini, wakaona msituni mapigo ya moyo, presha na kotisoli, homoni ya msongo, viko chini.

Mimi sishangilii sana. Utafiti ule wa Li ulikuwa na wanaume 12 tu, na miti yao si mvule.

"Sasa dawa nitaacha?" mjomba akaniuliza, anacheka lakini anamaanisha.

Tulirudi mjini, tukapitia duka la dawa, mjomba akapimwa. Presha ilikuwa imeshuka kidogo. Kwa mtu aliyepumzika kivulini nusu saa, hata kochi la nyumbani lingeishusha. Dada wa dukani akamvua kitambaa cha mashine ya presha mkononi.

"Haya baba. Vidonge vya jioni unameza vilevile. Na Jumamosi ijayo nenda tena."