Vigeu visivyo na thamani ya mwanzo: nani huviandikia sifuri?

Kanuni za lugha ya C zinaahidi kwamba kigeu cha globali, yaani kilichotangazwa nje ya funksheni yoyote, ambacho hakikupewa thamani ya mwanzo kitakuwa sifuri. Kwenye kompyuta ya kawaida, ahadi hiyo hutimizwa na mfumo endeshi, ndiyo maana wengi wetu hapa Nairobi tumeandika programu kwa miaka bila kujiuliza inatimizwaje. Mtu akinunua bodi ya STM32F103, yenye chipu ndogo ya kudhibiti vifaa, kule Luthuli Avenue, mambo hubadilika: hakuna mfumo endeshi, na mwenye jukumu la kuandika sifuri ni msimbo wa kuwashia, unaotangulia main, funksheni ambamo programu ya C huanzia.

Kompaila huviweka vigeu hivyo katika sehemu ya .bss, ambayo hutengewa nafasi ndani ya RAM bila kubebwa ndani ya faili inayochomwa kwenye fleshi, kumbukumbu ya kudumu ya chipu. Faida yake ni kubwa pale chipu inapokuwa na fleshi ya KB 64 na RAM ya KB 20. Safu ya baiti 4,096 isiyo na thamani haili fleshi hata baiti moja. Ukiweka namba 1 katika nafasi yake ya kwanza tu, safu nzima huhamia .data, sehemu ya vigeu vyenye thamani ya mwanzo, na kudai baiti 4,096 za fleshi pamoja na zile zile za RAM.

Skripti ya linka, programu inayounganisha vipande vya msimbo na kuvipangia anwani, huweka alama mbili, mwanzo na mwisho wa .bss, na kitanzi kifupi huandika sifuri kati yake. Hapa kuna mtego: kabla ya kompaila ya GCC toleo la 10 la mwaka 2020, vigeu hivyo vya globali, visipokuwa na neno static, viliingia kwanza katika kundi liitwalo COMMON, na skripti isiyolitaja huenda ikaviacha nje ya alama ya mwisho. Kosa hilo hujificha vizuri, kwa kuwa RAM huhifadhi thamani za zamani bodi inapoanzishwa upya bila kuzimwa umeme.

U-Boot, programu ya kuwashia inayotumika kwenye bodi kubwa zaidi, ni kali zaidi. Kabla haijajihamishia kwenye RAM kuu, .bss haitumiki kabisa. Kwenye prosesa za ARM, kwa miaka mingi skripti yake imeilaza .bss juu ya .rel.dyn, jedwali la anwani za kurekebishwa wakati wa kuhama, ili kuokoa nafasi, kwa hiyo kuandika kigeu mapema huharibu anwani ambazo bado zinahitajika katika kuhama, na programu huanguka baadaye, mbali na mstari wenye kosa. Wengine hukilazimisha kigeu kiingie .data kwa agizo la section, linaloiambia kompaila sehemu ya kukiweka. Mimi siipendi njia hiyo, maana msimbo ukiwa bado unaendeshwa kutoka fleshi, .data nayo haiandikiki. Ni afadhali kutumia staki au gd, muundo wa data wa U-Boot uliowekwa kwa kazi hiyo. Kwa kukagua, amri ya nm, inayoorodhesha majina ya vigeu na sehemu vilipo, inatosha: herufi B ni .bss, D ni .data, na C ni COMMON.