Ubongo wa bei nafuu kwa roboti yangu

Nilipoanza kuunda roboti ndogo ya magurudumu inayokwepa vizuizi, kosa langu la kwanza lilikuwa kudhani kwamba ubongo wake ni lazima uwe kompyuta kamili. Nilifunga Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo ya bodi moja ambayo huhitaji umeme wa volti 5 na hadi ampea 3, na kila mota zilipoanza kuzunguka, volti zilishuka na kompyuta ikajizima na kujiwasha upya, nami nikabaki kusubiri Linux, mfumo wake endeshi, iamke ilhali roboti imeshagonga ukuta.

Ndipo nikajiuliza ni kazi gani hasa iliyotakiwa kufanywa. Kupima umbali na kuamua kasi ya mota mbili hakuhitaji mfumo endeshi wala skrini. Hata Arduino Uno R3, bodi ndogo ya kudhibiti vifaa yenye kilobaiti 2 tu za kumbukumbu ya RAM, ingetosha. Hatimaye nilichagua Raspberry Pi Pico, bodi nyingine ndogo ya aina hiyo iliyotoka mwaka 2021 kwa bei ya dola 4 (gharama za usafirishaji ni habari nyingine), kwa kuwa ina kilobaiti 264 za RAM na hukubali programu za MicroPython, inayofanana na Python, lugha ya programu niliyokuwa nikiifahamu. Tahadhari ni kwamba pini zake hutumia volti 3.3, kwa hiyo ishara ya volti 5 inayorudishwa na kihisi cha umbali cha HC-SR04 ni lazima ipunguzwe kwanza kwa rezista mbili.

Ile Pi 4 nimeihifadhi hadi nitakapoongeza kamera, maana kutambua vitu kwenye picha kunataka nguvu zaidi.