Vinasaba, jando na kipimo cha siki

Wanawake wa Kiyahudi wa Israeli wamejulikana kwa muda mrefu kuwa ni nadra kuugua saratani ya mlango wa kizazi. Mwanzoni sifa ilipewa tohara ya waume zao. Ni kweli tohara hupunguza kwa mwanaume kirusi cha HPV, kinachoenezwa kwa ngono na kusababisha saratani hii, lakini haimalizi hadithi: huku Dodoma Wagogo wanapeleka vijana jandoni tangu enzi za mababu, na saratani hii bado ndiyo inayoongoza kwa wanawake Tanzania.

Watafiti wakahamia kwenye vinasaba. Jeni ya p53 hutoa protini inayozuia seli mbovu isizaliane. Katika nafasi ya 72 ya protini hiyo, wengine wana arjinini, wengine prolini, aina mbili za asidi amino zinazojenga protini. HPV nayo ina protini yake, E6, kazi yake kuivunja p53. Mwaka 1998 ilitangazwa kwamba p53 yenye arjinini huvunjika kirahisi, na aliyerithi arjinini kwa baba na kwa mama ana hatari mara 7 hivi kuliko mwenye mchanganyiko. Tafiti zilizofuata zikapingana, na zile makini zaidi hazikuona tofauti. Tena prolini imejaa zaidi kwa Waafrika kuliko kwa Wazungu. Ingekuwa ngao kweli, Afrika Mashariki isingeumia hivi.

Kwa hiyo mama wa Chamwino au Kongwa asiulize ukoo wake una damu gani. Aulize amepimwa lini, hasa akiwa na miaka 30 hadi 50. Anayeishi na VVU aanze mapema zaidi.

Kipimo chenyewe ni chepesi. Ute wa mlango wa kizazi hufutwa, asidi ya siki ya asilimia 3 hadi 5 hupakwa kwa pamba, kisha husubiriwa dakika nzima. Seli zenye kasoro hugeuka nyeupe, doa lenye ukingo unaoonekana wazi. Hapo ndipo haraka inapoua: mpimaji akiangalia baada ya sekunde 20, au tochi ikiwa hafifu, doa linapita. Kwa aliyekoma hedhi, eneo la kuangaliwa hurudi ndani ya mfereji wa mlango wa kizazi, hivyo jibu la "salama" halitoshi; apimwe HPV yenyewe.

Doa dogo huunguzwa au kugandishwa siku hiyohiyo. Likiingia mferejini, mgonjwa apewe rufaa, kwa sababu kifaa hakifiki huko. Baada ya tiba, majimaji hutoka wiki kadhaa. Asishiriki tendo la ndoa wiki 4 hadi 6.

Na mama asiende kupimwa akiwa hedhini: damu huficha weupe huo.